Mashine Zilizojipa Namba

Wewe, umewahi kuwaazima watu sufuria yako nzito, halafu ukarudishiwa nyepesi yenye namba yako ile ile? Kama hujawahi, basi usiwe mwepesi wa kumcheka Nthambi wa Kathiani. Yeye yalimpata, na tangu siku hiyo hakuamini tena kitu kilichotoka mbele ya macho yake na kurudi.

Nthambi alikuwa mtunza vifaa wa Mwethya wa Kyeni. Kikundi hicho cha akina mama kilianza kwa kuchimbiana matuta shambani, leo kwa huyu, kesho kwa yule, kisha kikaingia kukodisha vitu vya harusi na matanga. Viti mia mbili, mahema manne, sufuria thelathini na moja. Kila kimoja Nthambi alikiandika namba kwa rangi nyekundu ya mafuta, kwa mkono wake, kwa brashi aliyoipunguza nywele kwa wembe ili mstari utoke mwembamba. Sufuria namba kumi na nne ilipokwenda matangani ikarudi na kumi na nne yake, wenzake walisema asante, Mungu ni mwema. Nthambi akainusa. Ule wekundu ulikuwa wa rangi ya kucha. Akaigonga kitako kwa kijiko. Ya kwao ilikuwa ikigongwa inasema ngo. Hii ilisema ti.

Basi kikundi kilipopewa kompyuta mbili na printa na wafadhili fulani, na vitu hivyo vikawekwa katika ofisi yao nyuma ya kinu cha unga, Nthambi hakuuliza vinafanya kazi gani. Aliuliza namba. Fundi Musembi alikuwa ametoka Machakos mjini kuja kuviunganisha, na Nthambi alisimama nyuma yake tangu saa tatu mpaka saa saba, daftari kifuani.

"Na hii, namba yake ni gani?"

"Mama, wacha kwanza nimalize waya."

"Maliza, mwanangu. Mimi niko."

Mwishowe Musembi, akiwa na njaa, alifungua dirisha jeusi kwenye kioo, akaandika neno moja, mistari ikashuka. Akamwonyesha kwa kidole. "Hii ndiyo anwani yake. Andika hiyo." Nthambi akaandika: mashine ya kwanza 192.168.1.11, mashine ya pili 192.168.1.12. Akataka aonyeshwe namna ya kulifungua hilo dirisha yeye mwenyewe. Musembi akamwonyesha mara moja, akamwonyesha mara ya pili, akaenda kula.

Kwa miezi minane, kila Jumatatu baada ya kuhesabu viti, Nthambi alivaa miwani, akafuta vumbi la unga kwenye kioo, akafungua dirisha jeusi na kulinganisha na daftari. Namba zilikuwa zile zile. Alikuwa akitia alama ya tiki na kwenda zake.

Aliyekaa kwenye hizo mashine siku zote ni Mueni, mke wa mwanawe Makau. Makau alifanya kazi kwenye kiwanda cha saruji huko Athi River na kurudi nyumbani mwisho wa mwezi. Mueni alikuwa amesoma mpaka kidato cha nne, anajua kupiga chapa, basi yeye ndiye aliyeandika barua za kikundi na orodha ya wanaotaka viti. Mke wa watu mpole, wa maneno machache. Na mtu wa maneno machache, wewe unajua, ukishaanza kumtilia shaka, ule ukimya wake wote unageuka kuwa ushahidi.

Ilianza Ijumaa. Stima ilikatika mchana, ikarudi kwa kishindo, ikakatika tena. Jioni Nthambi alikuwa uani akihesabu viti vilivyorudi kutoka harusini. Alikuwa amefika mia moja na kumi na saba Mueni alipotoka ofisini na kitu kidogo alichokifunga kwenye leso.

"Mama, kile kiboksi cha—"

Nthambi akainua mkono. Akiwa anahesabu hasemeshwi, kila mtu Kathiani anajua, maana ukimpoteza anaanza upya kutoka kiti cha kwanza. Mueni akasimama kidogo, akatazama barabarani, akaenda haraka. Nthambi alimwona akimkabidhi kondakta wa gari la Machakos ule mzigo wa leso. Akaendelea: mia moja na kumi na nane, mia moja na kumi na tisa.

Jumamosi na Jumapili alikuwa Masii kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa. Jumatatu akaja ofisini mapema, akavaa miwani, akafungua dirisha jeusi.

169.254.83.7.

Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitambaa, akaivaa tena. Akaenda kwenye mashine ya pili. 169.254.140.22. Ukiondoa ile moja ya kwanza, hakuna tarakimu ya mwanzo iliyokaa mahali pake. Akaangalia mashine zenyewe kwa nje. Ule mkwaruzo wa pembeni ulikuwepo. Lile doa la chai lilikuwepo. Nthambi akatikisa kichwa. Hata sufuria ile, kwa nje, ilikuwa na namba kumi na nne. Alikwisha kusikia kwamba kuna watu wanaotoa matumbo mazuri ya kompyuta na kutia mabovu, na wewe unabaki ukipangusa ganda.

Mueni alipoingia, Nthambi alikuwa amekaa kama mtu anayesubiri chai.

"Mashine zinaendelea vizuri?"

"Zinaendelea, mama. Ila intaneti hakuna tangu Ijumaa."

Tangu Ijumaa. Swali la ile leso lilimfika Nthambi kwenye ncha ya ulimi, akalimeza. Mwizi ukimwuliza mapema unampa nafasi ya kujipanga. Badala yake akasema, "Endelea na kazi yako, mama. Mimi nimekaa tu."

Akakaa tu. Aliona kwamba kati ya vile viboksi viwili alivyovifunga fundi, kimoja, kile cha chini kinachokusanya nyaya zote, kilikuwa kinawaka. Kile cha dirishani, chenye taa nne, kilikuwa kimekufa, na hata waya wake wa stima haupo. Halafu Mueni akapiga chapa barua ya kuomba uwanja wa kanisa, akabonyeza mahali, na printa iliyo upande ule mwingine wa chumba ikaunguruma na kuitoa. Barua nzima, mpaka jina la kikundi juu yake.

"Hiyo imepitia wapi?" Nthambi akauliza.

"Kwa waya, mama."

"Si umesema hakuna intaneti?"

"Hakuna. Lakini hizi za humu ndani zinaongea zenyewe."

Zinaongea zenyewe! Nthambi akaondoa mguu wake karibu na waya. Simu ya Mueni ikalia, naye akatoka nje kwa sababu ya kelele za kinu. Nthambi akasogea mlangoni, akijifanya anakung'uta kitambaa, akasikia: "Ndiyo, Musembi... La, bado sijamwambia mama... Alhamisi ni sawa."

Basi. Hakuhitaji lingine.

Jumanne asubuhi alimwendea Loise, mwenyekiti wa kikundi, mwanamke mnene, mcheshi, asiyeogopa mtu. Alimkuta akikamua ng'ombe. Nthambi akamsomea namba zote, za zamani na mpya, nukta kwa nukta, mpaka ng'ombe akachoka kusimama.

"Mama Makau," Loise akasema bila kugeuka, "mtu akiibiwa hutafuta mwizi. Wewe umepata mwizi, sasa unatafuta kilichoibwa."

"Loise, sufuria ile ulisema hivyo hivyo."

Ni kweli Loise alisema hivyo hivyo. Akaita kikao Jumatano.

Akina mama kumi na mmoja walikaa ofisini kwenye viti vya namba nyekundu. Mueni alikuwa mlangoni na chupa ya chai na vikombe, kama kawaida yake siku za kikao. Nthambi akasimama na daftari.

"Mashine ya kwanza, iliyoandikwa humu mia moja tisini na mbili, nukta, mia moja sitini na nane, nukta..."

"Ai, mwaitu, mama," mmoja akanong'ona, "hizo ni namba za simu ama ni Zaburi?"

Wakacheka. Nthambi akangoja wamalize, kisha akasema polepole:

"Mashine zimebadilishwa matumbo. Na aliyekuwa nazo ni mke wa mwanangu. Ijumaa alibeba kitu kwa leso akakituma Machakos. Sitamficha kwa sababu ananipikia."

Kicheko kikafa. Kumi na mmoja wakageuka kutazama mlangoni. Mueni aliweka chupa chini, taratibu, kama imejaa yai bichi. Sasa, hapa kwetu mke wa mwana hamjibu mama mkwe mbele ya watu. Akimjibu, hata akiwa na haki, litakalozungumzwa sokoni ni lile jibu lake. Mueni alifunzwa na mama yake, na mama yake alifunzwa na wake.

"Nimesikia, mama," akasema.

"Mueni, huna neno?" Loise akamwuliza. "Sema basi."

"Fundi anakuja kesho."

Likazidi kuharibika. Wakakumbushana kwamba Musembi na Mueni wote ni watu wa upande wa Mua, tena walisoma shule moja. Shauri likakatwa: Mueni asiguse mashine mpaka kesho, na fundi akionekana kuwa na mkono humo, jina la Mueni litolewe kikundini. Alichukua vikombe vyake, chai haijanywewa. Kabla jua halijashuka Kathiani nzima ilikuwa inajua. Mwenye duka la jirani, aliyezoea kumwekea simu chajini, alimwambia kwamba soketi imeharibika. Mueni akaona simu tatu za watu wengine zikichaji pale pale.

Alhamisi Musembi akafika na mfuko. Akatoa ile leso ya Mueni, imekunjwa vizuri, na ndani yake waya mweusi wenye kichwa kikubwa.

"Adapta ya kiboksi iliungua Ijumaa, ule mshindo wa stima," akasema. "Mueni alinitumia nipime. Nimeleta nyingine. Yeye yuko wapi?"

"Nyumbani," Nthambi akasema. "Kaa chini. Nieleze namba."

Alimwekea daftari mbele. Musembi akalitazama, akajikuna kichwa, na Nthambi akaona uso wake unabadilika, si kama wa mtu aliyekamatwa, bali kama wa mtu aliyekumbuka kitu cha aibu.

"Mama, hapa mimi ndiye nilikosea. Uliniuliza namba ya mashine, nikakupa ya mahali ilipokaa. Nilikuwa na njaa."

"Njaa haibadilishi namba."

"Nisikilize. Mkienda mwethya kuchimba matuta, nani anawagawia sehemu?"

"Mwenye kamba. Anapima, anasema wewe hapa, wewe pale."

"Na asipokuja siku hiyo?"

"Hatutarudi nyumbani kwa sababu yake. Kila mtu anajichagulia. Unasimama mahali, unaita: hapa pana mtu? Kimya, unapiga jembe. Ukijibiwa, unasogea."

"Basi kiboksi cha dirishani ndicho mwenye kamba. Mashine ikiwashwa inaita: naomba mahali, nacho kinaipa namba. Ndiyo hiyo mia tisini na mbili yako. Ijumaa kiliungua. Jumatatu mashine ikawashwa ikaita, ikaita tena, kimya. Ikajichagulia. Iliuliza wenzake kwenye waya: namba hii ina mtu? Hakuna aliyejibu, ikaikalia. Na ile ya pili hivyo hivyo, na printa."

Nthambi akafikiri. Hakuwa mtu wa kupewa mfano mtamu akalala.

"Na mbona zote mbili zimeanza na mia sitini na tisa, mia mbili hamsini na nne? Zilijuaje, kama hakuna aliyeziambia?"

"Zimefundishwa kiwandani, kompyuta zote za dunia. Kwamba ukikosa mwenye kamba, chagua katika bonde hili peke yake. Ndiyo fundi akiona mwanzo huo anajua: hawa wamejigawia wenyewe. Na ndani ya bonde wanasikizana, ndiyo barua ilitoka kwa printa. Nje ya bonde hawafiki, ndiyo intaneti hakuna."

"Na zikichagua sehemu moja kwa wakati mmoja?"

"Moja inasogea, inachagua nyingine."

"Mh." Nthambi akasimama. "Maneno yako ni mazuri. Sasa toka nje."

"Mama?"

"Toka, kaa pale kwa kinu nikuone kwa dirisha. Na hiyo simu yako weka hapa mezani."

Musembi akatoka, akacheka kidogo, akaacha kucheka alipoona yeye hacheki. Nthambi akafunga mlango kwa komeo. Akachomeka adapta mpya kwa mkono wake. Taa za kiboksi zikaamka, moja, mbili, tatu, mpaka ya nne. Akazima mashine ya kwanza kama alivyomwona Mueni akifanya, akaiwasha. Akafungua dirisha jeusi. 192.168.1.11. Ile ile, kama imetoka daftarini.

Akachomoa adapta. Akazima, akawasha. Akakaa akihesabu kimoyomoyo mpaka sitini, akitazama mlango, akitazama dirisha, Musembi pale nje akipigwa na vumbi la unga. Akaangalia. 169.254.83.7. Hata ile aliyojichagulia Jumatatu ilirudi kuikalia, kama mama anayerudi sehemu yake ya jana. Akachomeka. Akarudia. Mara tatu kwa mashine ya kwanza na mara tatu kwa ya pili, akiandika kila mara, na kila mara akiomba kimya kwamba wakati huu namba ikatae, itoke ya ajabu, ili asiwe amefanya alilolifanya jana. Haikukataa.

Akafungua mlango.

"Na namba yake yenyewe, isiyobadilika, ni ipi?"

Musembi aliigeuza mashine, akamwonyesha karatasi ndogo iliyobandikwa mgongoni tangu kiwandani. Nthambi akaandika herufi na tarakimu zote kumi na mbili. Alikosea moja, ikambidi aandike mara mbili.

"Musembi. Jumatatu alikwambia bado hajaniambia. Hajaniambia nini?"

"Kwamba kiboksi kimeungua. Alisema ulikuwa unahesabu Ijumaa, halafu Jumatatu ulikuwa na uso wa kuogopesha. Akaniomba nije nimalize kwanza, ndipo akwambie kimepona."

Alirudi nyumbani kabla ya saa nane, jua kali, bila kuongea na mtu njiani. Loise alikuwa amepiga simu mara mbili, hakushika. Alimkuta Mueni ameketi kwenye kivuli cha jiko, ungo wa mbaazi magotini, anachambua. Mchanga upande huu, zilizotobolewa na wadudu upande ule. Hakuinua macho.

Nthambi akavuta kigoda. Akakaa karibu, kisha akakisogeza karibu zaidi.

"Fundi amekuja."

"Ndiyo, mama."

"Ni adapta."

"Ndiyo, mama."

Mbaazi zikaendelea kuanguka. Kuku mmoja alikuja akadonoa zilizotupwa. Nthambi akamfukuza, halafu akaona kwamba ni yule jogoo mwekundu, akasema haraka, "Huyu nitakuchinjia leo. Tule sisi wawili. Na Makau tusimsumbue na maneno haya, yuko mbali kule Athi River, yatamfikia yamevimba. Haya ni mambo ya nyumbani, mama. Mimi nilikosea kusoma, na wewe una moyo mkubwa. Tuyamalizie hapa hapa jikoni, au sivyo?"

Hiyo ilikuwa nafasi ya kusema ndiyo, mama. Nthambi aliingoja, aliijua sauti yake, alikuwa amekwisha kuisikia miaka minne.

Mueni aliweka ungo chini. Akafuta mikono kwenye leso, kidole kimoja kimoja. Mara ya kwanza tangu aletwe katika boma lile, alimtazama mama mkwe wake machoni na hakuyashusha.

"Jogoo muache," akasema. "Ninachotaka, mama, ni useme pale pale uliposemea, na wale wale kumi na mmoja wakiwa wamekaa."